Itoe Ikiwa Ndogo

Mwezi Oktoba 2005, wateja wasiofika mia tano wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, jijini Nairobi na mjini Thika, walipewa simu zenye huduma ambayo hakuna aliyewahi kuitumia kabla yao. Huduma hiyo ilikuwa na kazi moja: mkopaji apokee mkopo wake kwa simu na aurejeshe kwa simu, asilazimike kubeba noti hadi kwenye kikao cha kikundi. Mawakala walikuwa wanane. Waliousimamia mradi, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na wenzao wa Safaricom, walikuwa na fedha kutoka Serikali ya Uingereza na swali moja la kujibiwa: je, watu wataitumia?

Waliitumia, lakini si kwa marejesho peke yake. Wenye biashara waliweka mauzo yao kwa wakala jioni wakayatoa asubuhi, ili wasilale na fedha ndani. Wasafiri waliweka fedha mji mmoja wakazitoa mji wa pili, wakawa njiani mikono mitupu bila hofu ya vibaka. Wengine walinunua muda wa maongezi na kumrushia ndugu aliyeko kijijini kama namna ya kumsaidia. Wakati huohuo, sehemu ya mikopo, ambayo ndiyo iliyouzaa mradi, ikawa ndiyo mzigo, kwa sababu hesabu za Faulu ziliendelea kuandikwa kwa mkono na kila muamala wa simu ulipaswa kuoanishwa na vitabu.

Wakakata. Huduma iliyozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa ilikuwa na mambo matatu tu: kuweka na kutoa fedha kwa wakala, kumtumia mtu fedha, na kununua muda wa maongezi. Kabla mwaka huo haujaisha, M-Pesa ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja. Mikopo ilirudi Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, safari hii ikiegemea benki. Mfumo wa Daraja, unaowawezesha watengeneza programu wengine kuunganisha kazi zao na M-Pesa, ulikuja 2017, miaka kumi baada ya uzinduzi.

Vijana wanaotengeneza programu Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza au Kampala huitaja M-Pesa kama kielelezo cha ukubwa. Mimi naitaja kwa udogo wake wa siku ya kwanza. Najua vijana wenye uwezo mkubwa wanaojifungia mwaka mzima wakijenga mfumo wenye kila kitu, akiba ikaisha, mkopo wa ndugu ukaisha, na siku ya kuutoa wakagundua kwamba walichojenga hakikuhitajiwa na mtu. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi wangeweza kulijua ndani ya wiki chache kwa gharama ya nauli na bando. Makala haya ni kwa ajili yao: namna watu wawili wanavyoweza kupanga toleo la kwanza la programu na kuliweka mikononi mwa watumiaji kwa wiki sita.

Ndogo si mbovu

Wazo la toleo dogo la kwanza lilipewa jina na Mmarekani Frank Robinson mwaka 2001, na Eric Ries akalieneza duniani kwa kitabu chake The Lean Startup cha mwaka 2011. Tangu hapo limetumiwa vibaya kiasi kwamba watu wengi hudhani maana yake ni kutoa kitu kibovu haraka. Nyumba ya chumba kimoja yenye paa na mlango ni ndogo, na mtu anaweza kuhamia leo. Nyumba ya vyumba sita isiyo na paa ni pagale. Toleo la kwanza linapaswa kumfanyia mtu wa kweli kazi moja ya kweli, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kumwangusha. Halafu kila unachoongeza baadaye kiongozwe na alichokifanya mtu huyo, si alichokuambia kwamba angekifanya.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, nao ni kikoba, kwa kuwa wasomaji wengi wanakijua kwa jina hilo au kwa jina la chama. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa huko, na utaratibu wake umebaki uleule sehemu nyingi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila kikao mwanachama hununua hisa moja hadi tano. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zake. Mwisho wa mzunguko, ambao kwa kawaida ni mwaka, kikoba kinavunjwa na kila mtu anapata mgawo wake kulingana na hisa alizonunua.

Kijana anayeanza atasema: nitatengeneza programu ya kusimamia vikoba. Ndani yake ataweka usajili, hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, ujumbe wa kikundi, kuunganishwa na benki, ripoti za rangi, na masomo ya ujasiriamali. Hiyo ni kazi ya mwaka na nusu, na hadi hapo hajaketi kwenye kikao hata kimoja.

Nenda ukakae kikaoni

Tumia wiki ya kwanza yote nje ya kompyuta. Omba ruhusa ya mwenyekiti, nenda kwenye kikao, kaa pembeni, andika. Saa inapotea wapi? Nani anaandika, nani anahesabu, nani anabishana? Ukirudi mara ya pili, mwombe katibu dakika zake, na umuulize mambo yaliyokwisha kutokea. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Asante, mama. Naomba unikumbushe, mara ya mwisho hesabu za kikao zilipokataa kulingana na fedha za sandukuni, ilikuwa lini?

— Mwezi uliopita. Tulikaa mpaka magharibi.

— Mkalitafutaje kosa?

— Kila mtu alisoma kitabu chake kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka tukamfikia ambaye hisa zake hazikugongwa muhuri.

Katika maneno hayo machache umepata mambo matatu ya thamani. Shida iko mwishoni mwa kikao, wakati wa kufunga hesabu. Hutokea na kuwagharimu watu jioni nzima. Na kitabu cha mwanachama chenye mihuri ndicho kinachoaminiwa kuliko kingine chochote, kwa hiyo programu itakayotaka kukiondoa itapigwa vita na wanachama wenyewe.

Linganisha na swali ambalo wengi huuliza: “Mama, nikitengeneza programu ya kikoba, utaitumia?” Atajibu ndiyo, tena atakuombea baraka, maana kwetu mgeni aliyekuja na jambo la heri hakatishwi tamaa. Jibu hilo ni adabu. Ukilichukua kama soko, umeponzwa na ukarimu. Uliza kuhusu jana, juzi na mwezi uliopita. Uliza walishajaribu kufanya nini kutatua shida hiyo na iliwagharimu shilingi ngapi. Mtu ambaye hajawahi kutumia hata daftari jipya kujitatulia tatizo huenda tatizo lenyewe halimsumbui kiasi unachodhani.

Zungumza na vikundi vitano au sita. Shida ikijirudia katika vikundi vinne, umepata pa kuanzia. Kila kikundi kikikupa shida yake, endelea kutafuta na usiandike msimbo.

Ifanye kwanza kwa mkono

Hatua inayorukwa na wengi ni hii, nami ningeipenda ipewe uzito kuliko zote. Kabla ya programu, wewe mwenyewe uwe programu. Wiki ya pili, keti kando ya katibu na lahajedwali kwenye kompyuta yako. Yeye anaandika daftarini kama kawaida. Wewe unaingiza safu kwa safu, na kikao kinapomalizika unamwambia jumla inayopaswa kuwa sandukuni. Usiku unawatumia wanachama salio lao kwa meseji, kwa kidole chako, mmoja baada ya mwingine.

Kazi hiyo inachosha, na uchovu huo una mafunzo. Utaona kwamba kuna mwanachama anayelipa hisa za dada yake aliyesafiri. Faini za kuchelewa huandikwa lakini hazikusanywi siku hiyo. Mkopo mmoja umelipwa nusu kwa fedha taslimu na nusu kwa simu. Haya hayamo katika maelezo yoyote utakayopewa mezani. Na utaona pia kama meseji ya salio inasomwa: je, kesho yake kuna aliyekupigia kuuliza au kusahihisha? Wakikaa kimya wote, sehemu hiyo ya wazo lako inaweza kuondoka kabla haijakugharimu.

Nick Swinmurn alianza hivyohivyo biashara ya viatu ya mtandaoni iliyokuja kuwa Zappos, mwaka 1999 huko Marekani. Alikwenda madukani akapiga picha viatu, akaziweka kwenye tovuti, na mtu akiagiza alikwenda kuvinunua dukani na kuvituma. Hakupata faida kwa njia hiyo. Alipata uhakika kwamba watu wako tayari kununua viatu bila kuvijaribu miguuni, uhakika ambao bohari lililojaa mali lisingempa kwa bei ile.

Sentensi moja, na kisu

Sasa andika sentensi moja. Kwa mfano wetu ingekuwa: “Programu hii humwezesha katibu wa kikoba kufunga hesabu za kikao kabla wanachama hawajaondoka.” Ibandike ukutani. Kila wazo litakalokuja lipimwe nayo. Ujumbe wa kikundi? Wana WhatsApp tayari. Ripoti za rangi? Hazifungi hesabu. Kuunganishwa na benki? Kikoba kina sanduku. Mikopo je? Hapa inabidi kufikiri, kwa sababu fedha ya mkopo inaingia na kutoka katika sanduku hilohilo, hivyo bila kuiandika hesabu haifungi. Mikopo inabaki, lakini kwa umbo la msingi tu: nani kachukua kiasi gani, karejesha kiasi gani. Kukokotoa riba kwa njia tano tofauti kunasubiri. Chagua njia inayotumiwa na vikundi ulivyovitembelea.

Yapo mambo ambayo karibu kila mara yanaweza kukatwa na bado watu huyajenga kwa mazoea. Kwa vikundi vitatu vya kwanza huna haja ya ukurasa wa kujisajili. Wasajili wewe kwa mkono wako. Katibu akisahau nenosiri, atakupigia, na utalibadilisha. Huna haja ya ukurasa wa msimamizi, maana unaweza kuangalia moja kwa moja ndani ya hifadhidata. Hata malipo yanaweza kusubiri. Kampuni ya 37signals ilipozindua Basecamp Februari 2004, sehemu ya kuwatoza wateja ilikuwa haijakamilika. Kwa kuwa malipo yalikuwa ya mwezi, walijua wana siku thelathini za kuimalizia, wakazitumia. Kikoba chako kinaweza kukulipa kwa simu huku wewe ukiandika kwenye daftari lako.

Yasiyokatwa ni machache, na hapo sina maridhiano. Hesabu lazima iwe sahihi kila mara. Hifadhi shilingi kama namba nzima, usitumie namba za desimali ambazo kompyuta huzikadiria na kukuachia senti zinazopotea zisijulikane zimekwenda wapi. Mtandao wetu hukatika. Simu itatuma ingizo, haitapata jibu, itatuma tena, na mwanachama ataonekana kanunua hisa mara mbili. Kwa hiyo kila ingizo lipewe namba yake ya kipekee humo humo simuni kabla ya kutumwa, ili seva ikiiona namba hiyo mara ya pili iitambue na isiandike upya. Muamala ukiandikwa usifutwe kamwe. Kosa lisahihishwe kwa ingizo jipya linaloonyesha nani kasahihisha na lini, kwa sababu katika kikundi cha fedha kufutika kwa mstari mmoja kunatosha kuvunja udugu. Nakala rudufu itoke kila usiku na ihifadhiwe mahali pengine, na ujaribu kuirudisha walau mara moja kabla ya uzinduzi, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa haina hakika. Na pawe na namba ya simu ambayo mtu atapokea.

Tarehe uipange mapema na usiisogeze. Ikiwa kikao cha kwanza cha uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ya sita, kinabaki Jumamosi hiyo. Kazi ikizidi muda, punguza kazi. Usikimbilie kuita rafiki wa tatu aje kusaidia dakika za mwisho: Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa IBM, aliandika tangu mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wapya lazima wafundishwe na walewale wanaokimbizana na muda.

Ipite njia gani

Makosa ya gharama kubwa hufanyika katika kuchagua mahali programu itakapokaa. Wengi huanza na programu ya kupakua kwa sababu ndiyo inayoonekana kama bidhaa. Fikiri kwanza mtumiaji ana simu gani mkononi. Katibu wa kikoba anaweza kuwa na simu janja ya bei nafuu yenye nafasi iliyojaa picha, na wanachama wengi wana vitochi. Kwa mfano wetu ningechagua tovuti nyepesi kwa katibu, inayofunguka kwa bando dogo na kuendelea kufanya kazi mtandao ukikatika, na meseji za kawaida kwa wanachama. Tovuti unaisahihisha usiku na asubuhi kila mtu anaona toleo jipya, bila kumwomba yeyote apakue tena.

Ikiwa lazima iwe programu ya Android, anza utaratibu wa Google Play siku ya kwanza ya mradi. Akaunti ya mtengenezaji hulipiwa dola 25 mara moja. Akaunti mpya za watu binafsi zina sharti lililoanza mwishoni mwa 2023: programu ijaribiwe na wajaribu waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuomba kuitoa kwa umma. Mwanzoni walitakiwa wajaribu 20, baadaye wakapunguzwa hadi 12. Hizo ni wiki mbili ambazo hakuna ustadi wa kuandika msimbo utakaozifupisha, na wengi hukutana nazo siku wanayodhani wanazindua. Kwa upande wa Apple ada ni dola 99 kila mwaka. Kwa toleo la kwanza la kikoba sioni sababu ya kuilipa.

Menyu za nyota na reli hufika kwenye kila simu, na ndizo zinazovutia wengi. Lakini namba fupi hutolewa kwa utaratibu wa mamlaka ya mawasiliano, halafu kila mtandao wa simu una makubaliano yake. Ziache kwa toleo la pili, ukiwa na watumiaji wa kuwaonyesha wakubwa hao.

Na tumia vilivyopo. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliweka hewani tovuti ya Ushahidi ndani ya siku chache tu. Ramani ilikuwa ya Google, taarifa zilifika kwa tovuti na kwa meseji, na kazi ya kuzihakiki ilifanywa na watu. Wangeanza kwa kuchora ramani yao wenyewe, taarifa zile zingekosa pa kuwekwa wakati zilipohitajika zaidi.

Wiki tatu za kujenga

Wiki ya tatu, jenga njia moja nyembamba inayopita kutoka mwanzo hadi mwisho: fungua kikao, ingiza hisa za mtu mmoja, funga kikao, ona jumla. Iwe na sura mbaya, lakini iwe kwenye seva, siyo kwenye kompyuta yako peke yake, na ifunguke kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote unazoweza kuazima. Wiki ya nne ongeza mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii. Wiki ya tano ni ya kujaribu, na hapa kuna njia bora kuliko kubuni data.

Omba daftari la mzunguko uliokwisha, lile ambalo mgawo wake ulishafanyika na kila mtu akaridhika. Ingiza kila kikao tangu cha kwanza. Tuseme kikundi kiliuza hisa 2,400 za shilingi 5,000, yaani shilingi milioni 12, na siku ya kuvunja sanduku lilikuwa na shilingi 13,800,000 pamoja na riba na faini. Kila hisa imekuwa shilingi 5,750, na mwenye hisa 110 alipaswa kupata shilingi 632,500. Programu yako ikitoa namba zilezile za daftari kwa kila mwanachama, una ushahidi wa kumwonyesha mwenyekiti. Ikitoa tofauti, kuna mawili: wewe umekosea, au daftari lilikosea na hakuna aliyejua. La pili likitokea, mweleze katibu faraghani kwanza, usilitangaze kikaoni.

Kisha mpe katibu simu, usimwelekeze, unyamaze. Ufunge mdomo hata akibonyeza pasipofaa. Kila mahali anaposita ni kasoro yako. Maneno ya vitufe yawe ya kikao chenyewe: wao husema “kununua hisa” na “rejesho”, basi usiandike “amana” wala “ulipaji wa deni” kwa kuwa yanasikika rasmi zaidi. Jaribu pia juani, maana vikao vingi hukaa chini ya mti na skrini iliyong’aa vizuri ofisini inaweza isisomeke nje.

Sheria na fedha za watu

Udogo wa toleo haukuondolei wajibu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Uganda pia ilitunga yake mwaka huohuo. Jina, namba ya simu na deni la mtu ni taarifa binafsi. Waeleze wanachama kwa Kiswahili chepesi unahifadhi nini na kwa nini, pata ridhaa zao, na usichukue usichokihitaji. Programu ya kufunga hesabu za kikao haihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo usiiombe. Kabla ya uzinduzi, ulizia kwenye mamlaka husika kama unatakiwa kujisajili.

La pili ni zito zaidi: andika fedha, usizishike. Programu inayorekodi kwamba Asha kanunua hisa tatu ni daftari. Programu inayopokea fedha za Asha kwenye akaunti yako ili uzifikishe kwa kikundi ni huduma ya malipo, na huko utakutana na sheria za mifumo ya malipo, ya mwaka 2011 kwa Kenya na ya mwaka 2015 kwa Tanzania, pamoja na leseni za benki kuu. Katika toleo la kwanza acha fedha zipite zilipokuwa zikipita.

Siku ya uzinduzi na baada yake

Usifanye sherehe, wala usialike waandishi. Zindua kwa vikundi vitatu, na uwepo kikaoni katika kila kimoja. Daftari la karatasi liendelee sambamba na programu kwa vikao vinne vya mwanzo, na mkubaliane mbele ya wanachama kwamba zikitofautiana, karatasi ndiyo inayofuatwa. Makubaliano hayo yanampa katibu ujasiri wa kujaribu, kwa sababu anajua kosa la programu halitageuka kuwa kosa lake.

Idadi ya waliofungua ukurasa itakufurahisha bure. Angalia mambo mawili: je, katibu alifunga hesabu kwa programu kikao cha pili na cha tatu bila wewe kumkumbusha, na wanachama waliondoka mapema kuliko zamani? Kikundi kikiacha, nenda ukaulize siku hiyohiyo kabla sababu haijasahaulika. Hitilafu ya hesabu irekebishwe kabla hujalala. Maombi ya nyongeza yaandike yote, ushukuru, na usubiri. Lile litakaloombwa na vikundi vyote vitatu bila kuambizana ndilo la toleo linalofuata. Na tazama sana matumizi ambayo hukuyapanga. Ukiona katibu anatumia programu yako kuandika michango ya harusi, huenda amekuonyesha mahitaji makubwa kuliko uliyoyafuata.

Omba malipo mapema, hata kiasi kidogo. Kikundi kinachokubali kutoa shilingi elfu kumi kwa mwezi kutoka mfuko wake kimekupa jibu ambalo sifa za mdomo haziwezi kukupa. Kikisema programu ni nzuri lakini hakina fedha, huku kila kikao kikinunua soda za wanachama wote, nalo ni jibu, na unapaswa kulipokea bila kinyongo.

Baada ya miezi miwili au mitatu utakuwa na njia tatu: kuendelea na kuongeza vikundi, kubadili kazi ya programu kama walivyofanya watu wa M-Pesa, au kuacha. Ukiamua kuacha, wape watumiaji taarifa ya mwezi mzima, tena kikaoni na siyo kwa meseji. Kila kikundi kipewe faili ya miamala yake yote pamoja na nakala iliyochapishwa, katibu na mwenyekiti wathibitishe kwamba inalingana na vitabu vya wanachama, ndipo ufute taarifa zao kwenye seva na kwenye kila nakala rudufu uliyonayo.